Shahada ya sheria Tanzania ifundishwe kwa Kiswahili?

Mtoa mada: Tangu marekebisho ya 2021, lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapodai. Vyuoni bado ni Kiingereza. Profesa Issa Shivji, aliyefundisha sheria Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) 1970 hadi 2006, aliongoza Tume ya Rais ya ardhi 1991–92. Ripoti iliyochapishwa 1994 ikatoka kwa Kiingereza. Mwanakijiji anayehojiwa kuhusu shamba lake ataisomaje?

Mpinzani: Mkuu, utafundishia nini? JALA, sheria inayoelekeza mahakama zetu zitumie sheria zipi, bado inaturudisha kwenye sheria ya Uingereza ilivyokuwa 22 Julai 1920, na hukumu za rejea karibu zote ni za Kiingereza. Halafu istilahi. Mkopaji akiishtaki benki, benki ndiyo mdaiwa kwenye shauri, na hiyo hiyo ndiyo mdai wa mkopo. Mwanafunzi ajibu mtihani hapo!

Mchangiaji wa tatu: Hilo dogo: tumia "mkopeshaji" kwenye fedha, "mdaiwa" ubaki wa shauri. La Kiingereza ndilo sugu. Shahidi wa mirathi anasema "baba mdogo", mwenzake anasema "mjomba". Kwa miaka mingi jaji alisikiliza Kiswahili huku akiandika Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja kwa wote wawili. Kwa mila za ukoo wa baba hawana nafasi sawa. Mahakama ya Rufani inasoma kumbukumbu, kwa kawaida shahidi haitwi tena, kwa hiyo kosa limeshakaa.

Mchangiaji wa nne: Msiilaumu lugha kwa kila kitu. Matokeo ya Law School, shule ya kuandaa mawakili, ya 2022: kati ya 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wa kurudia mitihani 342, walioondolewa 265. Namba hizo hazisemi nani kaangushwa na Kiingereza na nani na sheria yenyewe. Anzeni na somo la uandishi wa nyaraka. Hati ya madai inataka jina la mahakama, wahusika, chanzo cha madai na lini kilitokea, mamlaka ya mahakama, thamani ya shauri, nafuu zinazoombwa. Isipoonyesha chanzo cha madai inakataliwa, hata lugha iwe tamu vipi. Hapo Kiswahili kinatosha kabisa. Sheria ya kimataifa iacheni kwanza.

Mpinzani: Uandishi wa nyaraka nakubali. Ila mikataba ya biashara, hapana; benki haitaandika mkopo wake kwa Kiswahili ili kukuridhisha.

Mtoa mada: Lakini ukishindwa kulipa, itakushtaki kwa Kiswahili.