Kobe wa maji amewahi kukung'ata? Tupeane uzoefu

Mwana Ngamiani: Jioni hii mtoto wa jirani kapita barazani, kidole gumba kimeviringishwa kitambaa. Nikamuuliza kulikoni. "Shikamoo. Kobe." Kapita zake. Nikaangalia kovu langu la 1998, nikacheka peke yangu. Nasema wale kobe wa maji wa mto Zigi, wanaotoa harufu wakikasirika. Mimi nilimshika kama sahani ya wali, vidole vyote mbele. Kumbe ana shingo ndefu, kaikunja ubavuni, wala huioni. Nani mwingine kaonja?

Bi Chumbageni: Mimi. Kidole cha shahada. Sitaki kukumbuka.

Nahodha Mstaafu: Huyo ni kasa. Kufuga kasa ni kosa, mtafungwa nyie.

Mwana Ngamiani: Mzee wangu, kasa ana mapezi. Huyu ana miguu na kucha.

Nahodha Mstaafu: Nimevua miaka arobaini, leo unanifundisha kasa?

Mtu wa Pongwe: Hata kobe ni mnyamapori, anataka kibali. Haya, endeleeni.

Mjukuu wa Makorora: Ngojeni niwape ya kwetu. Kaka yangu seremala. Kobe wetu alikaa kwenye beseni kubwa uani. Kuamkia Idi, kaka akaona gamba limechakaa, vigaga vinabanduka vyenyewe, akasema atampendezesha sikukuu. Akavibandua vilivyobaki kwa bisibisi, kisha akampaka vanishi ya kabati, mara mbili. Aling'aa, watoto wa mtaa mzima wakaja kumtazama.

Wiki tatu mbele, harufu. Gamba limetoka madoa meupe, ukilibonyeza linabonyea. Kaka kwa majuto akamnyanyua amkague, akamshika mbele, kobe akamdaka ile nyama ya kati ya gumba na shahada. Kaka anavuta, kobe anakaza. Uani watu wamejaa. Huyu kaleta kibiriti, huyu pilipili, mwingine kisu. Bibi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, hata hakuinuka. "Mrudisheni kwao." Hakuna aliyeelewa. Mwishowe akaja mwenyewe na ndoo ya maji, akauzamisha mkono pamoja na kobe wake. Kila mtu kimya. Punde mdomo ukaachia. Bibi akarudi kwenye nazi yake.

Gamba lilituchukua miezi. Daktari wa mifugo aliiondoa vanishi kidogo kidogo, sisi tukawa tunasugua kwa mswaki laini na iodini iliyozimuliwa mpaka rangi ya chai. Akawa analala pakavu, majini anaingia kula na kunywa tu.

Bi Chumbageni: Bibi apewe uwaziri.

Kijana wa Raskazone: Na kaka je, bado anapaka kabati?

Mjukuu wa Makorora: Kabati tu.

Kijana wa Raskazone: Mshike ubavuni kwa nyuma, karibu na miguu ya nyuma, uso wake utazame kwingine. Mkia usiguse.

Mtu wa Pongwe: Huko nyuma kuna kucha, atakuchana. Vaa glavu.

Kijana wa Raskazone: Glavu nene huna mshiko, utamdondosha. Gamba likipasuka utalia wewe.

Mama Wawili: Mie wangu nampaka mafuta ya nazi, ananawiri.

Mjukuu wa Makorora: Dada, acha! Yananasa uchafu. Lile gamba ni mfupa, limeshikana na mbavu na uti wa mgongo, ukilikwaruza anasikia. Vigaga vikitaka kutoka vitatoka vyenyewe. Muwekee jiwe apande ajianike, jua lenyewe, si la kupitia kioo cha dirisha.

Mama Wawili: Haya. Ila ameshazoea kunukia.

Mwana Ngamiani: Na mfupa wa dome, yule wa jamii ya ngisi, ule mweupe unaookotwa ufukweni. Mtupie autafune, una chokaa.

Mtu wa Pongwe: Mikono mnaosha lakini? Kobe mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, vile vijidudu vya kuharisha. Wangu nilikuwa namwogesha kwenye sinki la vyombo, mke wangu alipojua nililala sebuleni.

Nahodha Mstaafu: Dome mnamjua, kasa hamumjui.