Ninajinyima mchana kutwa, usiku ninafakamia: nitatokaje?

Binti wa Isyesye, Mbeya

Shikamooni wakubwa zangu. Nina umri wa miaka 27, na tangu mshonaji aliponiambia kwamba zipu ya gauni langu la harusi ya dada haifungi, sijapata tena amani na chakula. Asubuhi ninakunywa chai ya rangi isiyo na sukari, mchana ninakula nusu parachichi, na jioni ninawaambia wa nyumbani kwamba nimeshiba kazini. Ikifika saa tano usiku, wote wakiwa wamelala, ninaingia jikoni bila kuwasha taa, ninakula kiporo cha ugali na maharage nikiwa nimesimama, ninakwangua hata ukoko, kisha mkate, kisha sukari kwa kijiko, wala siusikii utamu wake. Nikimaliza ninaosha sufuria polepole ili mama asiamke. Juma lililopita nilishinda siku mbili kwa maji na limau, na usiku wa siku ya pili ulikuwa mbaya kuliko zote. Je, ni tamaa tu? Nijifunze vipi kujizuia?

Mama wa Kihesa, Iringa

Marahaba, mwanangu. Niliishi hivyo kwa miaka mingi, na ninakwambia kwa upendo kwamba hujakosa kujizuia, bali unajizuia kupita kiasi. Usiku wako unapikwa asubuhi, pale unapoiacha sahani. Mimi nilianza kwa viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa kabla ya kutoka nyumbani, mchana wali na maharage, jioni ugali mezani pamoja na wenzangu. Majuma ya kwanza niliogopa sana, na uzito uliongezeka kidogo, lakini usiku ukaanza kutulia. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kunywa chai na kula asubuhi ile inayofuata usiku mbaya, wakati moyo wote unataka kulipa deni kwa kufunga.

Kijana wa Mafinga

Mimi ningeshauri msiweke kiporo ndani. Kisipokuwepo, hakuna cha kufakamia.

Mama wa Kihesa, Iringa

Nililijaribu hilo, mdogo wangu. Niliishia kujifunga khanga na kutoka kwenda kununua maandazi dukani, kwa hiyo njaa ilibaki palepale.

Muuguzi, Njombe

Naunga mkono maneno ya mama. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya njema na akili timamu, waliojitolea wenyewe, akawalisha nusu njaa kwa takriban miezi sita. Wakawa wanawaza chakula mchana na usiku, wengine wakasoma vitabu vya mapishi kama hadithi, na walipoachiwa kula walikuwamo waliokula mpaka tumbo likauma huku wakisema bado wana njaa. Hao hawakuwa walafi, dada yangu, na wewe si mlafi.

Kula milo mitatu na vitafunwa viwili, kwa mfano ndizi au karanga, bila kukaa zaidi ya saa nne hivi na tumbo tupu, na usianze mpango wowote wa kupunguza uzito kwa sasa. Ikiwa kufakamia huku hutokea angalau mara moja kwa juma kwa miezi mitatu, fahamu kwamba tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaihesabu kuwa ugonjwa unaojitegemea, na unatibika kwa ushauri nasaha. Kama unajitapisha au unatumia dawa za kuharisha, usisubiri: madini ya potasiamu yakishuka mwilini, mapigo ya moyo huvurugika. Nenda hospitali na ueleze kila kitu, hata habari ya sufuria.

Binti wa Isyesye, Mbeya

Ninawashukuru sana. Sijitapishi, lakini hiyo miezi mitatu imeshapita zamani, hivyo Jumatatu nitakwenda hospitali. Jana usiku nilikula tena gizani. Leo asubuhi, ingawa sikutaka, nimekaa mezani nikala viazi viwili na yai. Mama amenitazama kwa muda, hakusema neno, akanimiminia maziwa zaidi kwenye chai.