Ulinganisho: kioo kwa mkono, kioo kwa ombwe au kaboni kwa mfuniko mwepesi wa mashine?

Mfuniko60

Ndugu wanajukwaa, ninatafuta njia ya kutengeneza mifuniko 60 ya mashine, kila mmoja ukiwa na eneo la takriban mita 1 ya mraba, ichukue nafasi ya mifuniko ya bati la chuma lenye unene wa milimita 1.5. Mfuniko wa sasa una uzito wa karibu kilo 12, na wanaoufungua na kuufunga kutwa nzima wanalalamika mgongo. Njia ninazolinganisha ni tatu: nyuzi za kioo na resini (gundi ya majimaji inayoganda) ya polyesta kwa mkono, nyuzi za kioo kwa ombwe, yaani resini ikivutwa na pampu ya hewa, na vitambaa vya kaboni vilivyokwisha kuloweshwa epoksi, aina nyingine ya resini, kiwandani. Ni ipi itakayopunguza uzito bila mfuniko kuanza kuyumba?

RolaNaBrashi

Mimi ninaitetea kazi ya mkono. Ukiwa na kalibu nzuri iliyopakwa nta, brashi na rola ya kutolea viputo, umeshaanza kazi, na kosa la leo unalirekebisha kesho kwa msasa. Hata hivyo, mati ya nyuzi zilizokatwakatwa hunywa resini nyingi mno, na resini ndiyo uzito usiobeba kitu. Kama utatumia mati ya kawaida, baki kwenye polyesta, kwa kuwa gundi inayoshikilia nyuzi zake huyeyushwa na staireni, kiyeyushi chenye mvuke kilichomo ndani ya resini hiyo. Ukimimina epoksi, mati hubaki kakamavu na hukataa kulala kwenye kona. Tafadhali usiidharau staireni: barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake, kinachohitajika ni kichujio cha mkaa na hewa inayopita.

OmbweKwanza

Kwa mifuniko 60 ningechagua ombwe. Vitambaa hupangwa vikiwa vikavu, hufunikwa kwa filamu inayobandikwa pembezoni, pampu huvuta hewa, kisha resini isiyo nzito kumiminika huingia yenyewe na kujaza kila uwazi. Nyuzi hufika nusu ya ujazo wa kipande au zaidi, ilhali kwa mati na mkono huwa vigumu kuvuka theluthi moja, na mvuke mwingi hubaki chini ya filamu badala ya kuingia mapafuni.

Kazi yote, hata hivyo, iko kwenye kuziba. Kabla ya kufungua resini, mimi hufunga vali ya pampu na kuitazama geji kwa nusu saa. Mshale ukishuka, sianzi. Wakati mmoja niliupuuza mlio mwembamba uliotoka kwenye kona moja, na kipande kilipotoka kalibuni kilikuwa na mstari mweupe wa viputo kuanzia kona hiyo hadi katikati. Nilikitupa chote.

Kuhusu kaboni iliyoloweshwa kiwandani: hutunzwa kwenye friza ya nyuzi joto 18 chini ya sifuri, kisha huivishwa kwa joto, mara nyingi ndani ya tanuri la mgandamizo. Ndege ya Boeing 787, ambayo takriban nusu ya uzito wa muundo wake ni kompositi (nyuzi zilizoshikanishwa kwa resini), inalipa gharama hiyo kwa mafuta inayookoa. Mfuniko hauna mafuta ya kuokoa.

HesabuYaUnene

Naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu mnalinganisha nyuzi wakati swali la kuyumba ni swali la unene. Ukakamavu wa bamba hupanda kwa mchemraba wa unene wake: ukiongeza unene mara 2, ukakamavu huongezeka mara 8. Kwa hesabu yangu, ili kulifikia bati la chuma la milimita 1.5, mati ya mkono inahitaji karibu milimita 4.5 na uzito wa kilo 6.5, kioo cha kufumwa kwa ombwe kinahitaji milimita 3.2 na karibu kilo 6. Kaboni inahitaji milimita 2.2 na kilo 3.4 hivi.

Sasa chukua ngozi (tabaka za nje) mbili za kioo, kila moja milimita 0.6, na katikati uweke povu gumu la milimita 5. Uzito unakuwa kilo 3 na kidogo, sawa na kaboni, na ukakamavu unalipita bati la chuma kwa mbali. Hasara yake ni kwamba ngozi nyembamba hubonyea kwa urahisi kifaa kikiangukia juu yake, kwa hiyo upande wa nje ningeongeza safu moja. Povu liwe la PVC, kwa maana lile la polistaireni huyeyuka likiguswa na staireni.

Mfuniko60

Hesabu hii imenibadilisha mawazo; kaboni nimeiacha. Ninabaki na swali moja: bawaba na komeo zitafungwaje bila boliti kuliponda povu?

OmbweKwanza

Ondoa povu mahali pa boliti, na badala yake weka tabaka za kioo kitupu zikizidi ukubwa wa washa (pete bapa ya chini ya boliti) pande zote. Kingo za povu zichongwe mteremko ili kitambaa kisiache pengo, maana pengo hilo hujaa resini tupu na ndipo ufa huanzia. Toboa baada ya kipande kuiva kabisa, kisha pakaa resini ndani ya tundu ili maji yasipenye hadi kwenye povu.