Naomba ushauri: mtoto wa mbwa anafukuza vifaranga

Habari zenu ndugu zangu. Niko kijijini Tandahimba, Mtwara. Nina mtoto wa mbwa wa miezi miwili, nilimchukua wiki mbili zilizopita ili akikua alinde mikorosho msimu wa kuokota. Mbuzi ameshawazoea. Shida ni kuku: akiona vifaranga tu, mbio! Juzi kaua kimoja, mama kaumia sana, maana hao kuku ndiyo madaftari ya wadogo zangu. Nimejaribu kumfunga kamba, analia usiku kucha. Kumchapa sitaki, naona atakuja kuwa mwoga au mkali kupita kiasi.

Nimzoesheje na kuku bila kumfunga kutwa? Na chanjo ya kichaa cha mbwa, nimpeleke kwa bwana mifugo sasa au nisubiri afikishe miezi mitatu?