Kikao maalum katikati ya likizo: ni dharura au tunaviziwa?

Mtaa wa Saba: Wadau, Wabunge wakienda likizo, Kanuni ya 29 ya Bunge la Taifa la Kenya inamruhusu Spika kuwarudisha kwa kikao maalum, ikiwa kiongozi wa walio wengi au wa walio wachache ameomba. Sawa. Lakini hebu tazameni tarehe. Mswada wa usalama, 18 Desemba 2014. Sheria za uchaguzi, Desemba 2016. Mswada wa vyama vya siasa, 29 Desemba 2021. Mwananchi yuko ndani ya matatu na kuku mapajani, anaelekea mashambani, huku sheria inapita. Mbona dharura za nchi hii zinapenda Krismasi?

Mdodoma: Majirani, hapo hakuna dharura. Kuna posho.

Kisauni Damu: Posho? Huku posho ni unga. Yaani waheshimiwa wanaitwa Nairobi kusaga mahindi?

Mdodoma: Posho ni malipo ya kikao, ndugu yangu. Kiswahili kikiwashinda semeni tuwaazime.

Kisauni Damu: Tunalo letu: MARUPURUPU. Hata kulitamka mdomo unajaa.

Baba Zuu: Wacheni utoto. Rais ndiye huitisha Bunge na ndiye hulivunja. Spika anatumwa tu.

Kibarazani: Mzee, hiyo ni katiba ya zamani. Tangu 2010 Rais anataja siku ya kikao cha kwanza tu baada ya uchaguzi, tena ndani ya siku 30. Anaweza pia kuja kuhutubia kikao maalum. Mengine Bunge linajipangia. Na wakiitwa likizoni, hawagusi ila kile kilichochapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Tusome kabla ya kuandika.

Baba Zuu: Unanifundisha mimi kusoma? Mimi nilipiga kura ya mlolongo 1988, tukijipanga mstari nyuma ya mgombea, wewe hata hujazaliwa.

Kibarazani: Ndiyo maana nchi ilifika pale ilipofika.

Baba Zuu: Huyu kijana hana adabu. Kwao hakuna wazee?

Mama Fatu: Jamani, kikao maalum lazima kiwepo. Bunge likipitisha hoja ya kumwondoa Rais, Spika wa Seneti ana siku 7 za kuwaita maseneta. Wakiwa likizo je? Tungoje mpaka Februari? Ubaya si mlango, ni wanaoupitia usiku.

Kisauni Damu: Mama Fatu, hicho cha 2014 si ndicho walichotwangana ngumi mtu akatoka na damu usoni?

Mama Fatu: Damu ni 2021. 2014 ni maji, naibu spika alimwagiwa. Na haraka yote ile, Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vipengele 8.

Kisauni Damu: Maji, damu, na unga wa Mdodoma. Bado mboga tu tule.

Mdodoma: Chekeni. Kwetu Tanzania hata Bunge likiwa limeshavunjwa, Rais akiona kuna dharura Katiba inamruhusu kuwaita walewale waliokuwa wabunge. Hatungoji kiongozi wa walio wachache aombe.

Kibarazani: Na hilo unajivunia?

Mdodoma: Najivunia Kiswahili. “Maalum” yenyewe mnaiandika bila u ya mwisho.

Kisauni Damu: Hiyo u tumeiweka kwenye marupurupu. Hesabu, ziko nne.

Baba Zuu: Nangoja kuombwa radhi.

Kibarazani: Shikamoo mzee. Yaishe. Lakini Rais haitishi.

Baba Zuu: Marahaba. Anaitisha.

Mtaa wa Saba: Mimi niliuliza kuhusu Desemba… Ila Baba Zuu, huo mlolongo, ni kweli mstari mfupi ulitangazwa mshindi?

Baba Zuu: Kijana, vuta kiti.