Naomba ushauri: nimwamini Reginald Johnston kuhusu China baada ya 1911?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naandika insha ya chuo kuhusu utawala wa China baada ya mapinduzi ya 1911 yaliyoung'oa ufalme na kuleta jamhuri, nimekwama kwa Reginald Johnston. Huyu alikuwa ofisa wa kikoloni wa Uingereza huko Weihaiwei, pwani ya China, na kuanzia 1919 akamfundisha Puyi, mfalme aliyeng'olewa, ndani ya kasri la Beijing. Jamhuri hakuwa na imani nayo kabisa, aliona ufalme ungefaa zaidi. Mengi aliyaona kwa macho yake: Novemba 1924 askari wa jenerali Feng Yuxiang walipomfukuza Puyi kasrini, Johnston ndiye aliyemsaidia kukimbilia ubalozi wa Japani. Ila alimpenda mno mwanafunzi wake, na kitabu chake kilitoka 1934, mwaka uleule Wajapani walipomtawaza Puyi huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Hapo ndipo ninaposita.

Nimelinganisha na matukio, kama rais Yuan Shikai kujifanya mfalme mwishoni mwa 1915. Vurugu zilikuwepo kweli, lakini sioni zinavyothibitisha kwamba ufalme ungefaa zaidi.

Nitumie vipi maoni yake bila kuubeba upendeleo wake? Na kwa upande wa Wachina wenyewe, nianze na maandishi ya Liang Qichao, mwanamageuzi, au Sun Yat-sen, kiongozi wa wanamapinduzi?