Julai hii umevuna nini, na kimeishia kwenye sufuria gani? Tupeane uzoefu

Naanza mimi. Niko Kahawa West, hapa Nairobi, nyuma ya nyumba nina kipande cha kutosha kuegesha magari mawili. Mvua za Machi zilipoanza nilipanda mahindi na maharagwe pamoja, kama nyumbani. Sasa maharagwe yamekauka, na mahindi ukiyafinya bado yanatoa maziwa kidogo. Hapo ndipo githeri inapokuwa githeri. Maharagwe ya juzi hayahitaji kulowekwa usiku kucha. Yale ya dukani yaliyokaa mwaka mzima yanamaliza makaa na bado yanagonga meno. Kitunguu, nyanya, viazi viwili, supu yake yenyewe, basi. Na jua lenyewe halionekani hadi saa nane mchana, kwa hivyo hata kusimama karibu na jiko ni faida. (Mlango wazi lakini. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua.)

Wa Kayole: Wewe una shamba! Mimi nina magunia manne kando ya ngazi. Mawe katikati ili maji yafike chini, sukuma zimetokea ubavuni. Baridi imezigomesha. Kosa langu: niliendelea kumwagilia kila jioni kana kwamba ni Februari, gunia moja likaoza mizizi. Siku hizi namwagilia asubuhi, tena baada ya kuchomeka kidole kwenye udongo. Nilichovuna kilitosha ugali wa watu wawili. Tuko watano.

Wa Umoja: Panda managu (mnavu), dada. Kata kichwa mapema yatoe matawi, usingoje yazae. Mimi nilikuwa nayakaanga haraka haraka kama sukuma, nyumba nzima inakunja uso kwa uchungu. Mama mkwe alipotoka Kakamega akanipokonya mwiko. Aliyachemsha, akamwaga maji ya kwanza, akayatia maziwa, akayaacha yalale. Kesho yake akayapasha moto, akaongeza maziwa tena. Siku ya pili ndiyo tuliyakula, na mume wangu akasema hayo ndiyo managu aliyokuwa akinieleza tangu tuoane. Sikumjibu.

Wa Dagoretti: Kwetu ni nduma (magimbi), kando ya mtaro wa maji. Nilizing'oa Jumamosi, nikamenya mikono mitupu, nikajikuna hadi usiku. Jirani mmoja mzee akacheka: paka mafuta mikononi kwanza, au chemsha na maganda yake umenye baadaye. Na ziive kabisa, la sivyo koo nalo litawasha. Tulizila na chai ya tangawizi, jioni ya manyunyu. Mkate sikuukumbuka.

Wa Kahawa West: Mafuta gani hayo? Nina nduma tatu hapa za kupewa.

Wa Dagoretti: Ya kupikia tu. Na usiguse macho.